Nani Atambeba Mkwe

Yule madam wa mafunzo alituuliza swali moja tu la maana siku ile, na sisi tukacheka.

Aliitwa Nyokabi, ametumwa na shirika la misaada aje kijijini kwetu Ganda kutufundisha kujiandaa kabla mto Sabaki haujajaa tena. Tulikaa kwenye ua wa shule. Akatueleza kila boma liwe na begi la tayari: vitambulisho, dawa, kiberiti kilichofungwa kwenye plastiki, unga, maji ya kunywa. Kila mtu ajue njia ya kukimbilia na mahali pa kukutana. Yote mazuri. Halafu akauliza, "Na kwenye boma lenu, ni nani asiyeweza kutembea mwenyewe? Na nani atambeba?"

Jirani yangu Gerishom akanyoosha mkono. Gerishom akinyoosha mkono, jua kuna balaa.

"Madam, huyu Dena anaishi na mkwewe, mama mzaa mke. Miguu haimchukui tangu alipoanguka. Muulize Dena nani atambeba."

Watu wakaangua kicheko. Wanawake wakaziba midomo kwa leso. Nyokabi akatazama huku na huku.

"Si Dena mwenyewe? Mbona namuona ana mabega?"

Kicheko kikazidi. Ikabidi nisimame nimweleze. Kwetu mwanamume hamshiki mama mkwe. Haingii chumba anacholala, hakai kitandani kwake, hapiti karibu naye hata nguo zikagusana. Akifanya hivyo ni aibu kwake na kwa mama. Wazee watakaa, mbuzi atachinjwa, na habari yenu itasimuliwa kwenye matanga ya watu wengine.

"Hata kama anakufa maji?" akauliza. Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua.

Nikakaa.

Mimi shule niliacha darasa la tano, lakini swali likiniingia kichwani halitoki. Nilirudi nyumbani nalo. Nikasimama mbele ya mlango wetu, nikatazama chini kuelekea mtoni, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokijenga.

Mkwe wangu, Kahonzi, tulimchukua kutoka Ganze baada ya kuvunjika nyonga. Wanawe wa kiume wako Mombasa, wanapiga simu. Kibanda chake nilikijenga kwa mikono yangu, na kwa sababu ya heshima nilikiweka mbali na nyumba yetu, kule chini mwisho wa mahindi, mlango umetazama mtoni, ili akioga au akikohoa mimi nisisikie. Kadiri nilivyomheshimu ndivyo nilivyomsogeza bondeni. Mto ukija, mtu wa kwanza kupigiwa hodi ni yeye.

Nikamtuma mke wangu, Kahaso, amuulize mama yake kama angependa tukihamishe kibanda, tukilete juu karibu na barabara.

Kahaso akarudi. "Anasema pale panamtosha."

"Amesema hivyo kweli?"

"Amesema, 'Mwambie mkwe ahsante, hapa pananitosha.' Unataka nimfanyeje?"

Basi. Nikaanza kutafuta njia nyingine.

Usiku sikuwa na wasiwasi. Kahaso ni mwanamke wa nguvu, angemtia mama yake mgongoni akapanda naye. Taabu ni mchana. Mchana Kahaso yuko sokoni Malindi na mchicha na bamia zake, watoto wako shule, na kwenye boma tunabaki wawili: mimi na mtu nisiyeruhusiwa kumgusa.

Nikafikiria wilibaro. Wilibaro lingemtoa mlangoni mpaka barabarani bila mimi kumshika. Lakini kutoka kitandani mpaka mlangoni? Nikafikiria tena, nikaenda Malindi kwa Haridas, yule mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kununua kamba.

"Kamba ya nini, Dena? Kisima?"

"Ya kumvutia mkwe."

Haridas akavua miwani. "Kumvuta aje, au kumvuta atoke?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kiwiko juu ya kaunta, akaniuliza maswali kuliko hata Nyokabi. Sakafu ni ya nini? Mlango una upana gani? Ana uzito? "Mimi mama mkwe wangu akija kututembelea," akasema, "anayehitaji kamba ya kuokolewa ni mimi." Lakini ni yeye aliyenionyesha, nyuma ya duka, pipa la plastiki lililopasuka mfuniko.

Kwanza nilijaribu na mkeka. Mpango ulikuwa hivi: mkwe anajishusha kitandani mwenyewe, anakaa juu ya mkeka, nami nje ya pazia la mlango navuta kamba. Kahaso alikuwa ndani kuangalia.

"Yuko tayari?" nikauliza.

"Vuta!"

Nikavuta. Mkeka ukaja wote. Mkwe hakuja.

Nikamsikia akimwambia bintiye, kwa sauti ya kutosha kunifikia mimi, "Muulize mkwe, alitaka mkeka au alitaka mimi?"

Kahaso alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo nikalikumbuka pipa la Haridas, nikalifuata. Nikalikata katikati kwa urefu, nikapata kitu kama hori la kulishia ng'ombe, nikalainisha kingo zake kwa moto ili zisimkate. Nikatoboa tundu la kamba. Kahaso akatandika gunia ndani. Tukajaribu tena, na safari hii lilikuja, taratibu, likikwaruza sakafu ya udongo, na ndani yake mkwe wangu ameketi wima, leso imefunika kichwa na uso, ameshika kingo kwa mikono miwili kama bibi harusi aliyepakiwa kwenye gari bovu.

"Mwambie mkwe mimi si gunia la makaa," alisema alipofika mlangoni. "Makaa hayaumwi makalio."

Lakini alikubali. Tukawa tunajaribu kila Jumapili. Gerishom alikuja kutazama, akaleta na watu wa upande wa pili. Mkwe akawa hodari wa kujishusha kitandani na kuingia pipani bila kusaidiwa. Mimi nilivimba kichwa. Nilimpigia Nyokabi simu nikamwambia swali lake limejibiwa. Akataka nimweleze yote, halafu akauliza kama tumeshajaribu ndani ya maji. Nikamwambia tutajaribu.

Mto ulijaa siku ya jua kali. Ndivyo Sabaki ilivyo, mvua inanyesha bara kwa watu tusiowajua, sisi tunaletewa maji bila wingu. Nilikuwa barabarani nafunga kuni nilipowasikia watu wa chini wakipiga kelele, "Maji! Maji!" Nilipogeuka, mahindi yangu yalikuwa yanatikisika na upepo haukuwepo.

Nilishuka mbio. Nilipofika kwenye kibanda maji yalikuwa magotini, mekundu, yanavuta. Kamba ilikuwa pale pale nje ya mlango. Nikaishika.

"Mama! Ingia pipani!"

"Halikai!" alijibu. "Nikilishika linageuka!"

Nikavuta. Pipa likaja jepesi, likapita chini ya pazia limelala kifudifudi, tupu. Kwenye sakafu kavu lilikuwa limetulia kama jiwe. Ndani ya maji lilikuwa kama samaki aliye hai. Nilikuwa nimepima mlango, sakafu, kamba na uzito wa mtu. Maji sikuyapima.

Nikalirudisha ndani kwa kulisukuma. Nikamsikia akihangaika nalo, akashindwa. Kisha kitanda kikalia, nikajua amepanda tena juu.

"Maji yamefika wapi, mama?"

"Yameshika kamba za kitanda."

Nikasimama na pazia mkononi. Nataka niseme ukweli, sikuwaza mbuzi wala wazee. Niliwaza kwamba nikiingia na yeye akapiga ukelele, akanikataa, nitamshika vipi mtu anayenikataa? Na nisipoingia, nitamwambia nini Kahaso?

"Hodi, mama. Ni mimi, Dena."

"Mkwe, usiingie."

"Mama, maji hayangoji."

"Nimesema usiingie." Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, tulivu, "Huko nje hakuna mpita njia?"

Nami, mjinga, nikageuka kutazama. "Hakuna mtu, mama. Wote wamekimbia."

"Tazama vizuri."

"Mama, hakuna hata mbwa."

Nikasikia akivuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Ewe mpita njia! Mpita njia wee! Nisaidie, mimi mama mtu mzima, niko peke yangu humu!"

Ilinichukua muda. Maji yalishanifika mapajani ndipo nikaelewa. Nikaliachia pazia, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakohoa.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?"

"Mpita njia tu."

"Karibu. Watoka wapi?"

Mto unaingia ndani ya nyumba na yeye anataka tusalimiane. "Kakuyuni."

"Hawajambo huko?"

"Hawajambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waenda wapi?"

"Nilikuwa naenda Malindi, maji yamenizuia."

"Pole. Haya, ingia, mwanangu. Tazama chini."

Nikaingia, macho kwenye maji. Alikuwa amejifunga leso mpaka usoni. Nikampa mgongo, akanishika mabega, nikamwinua. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko nilivyokisia kwenye hesabu zangu zote. Tukatoka.

Kupanda kule hakukuwa mchezo. Mahindi yalinikamata miguu, na mara mbili nilipiga goti. Na muda wote mkwe wangu alikuwa anazungumza na yule mtu wa Kakuyuni.

"Nina mkwe hapa," akasema sikioni mwangu. "Mtu mzuri. Ila maswali yake! Mtu gani anauliza mpaka uzito wa mkwewe?"

"Labda anataka kujua," nikasema, nikitweta.

"Amenikokota kwa kamba msimu mzima. Mgongo wote umechubuka."

"Hukumwambia?"

"Mkwe anaambiwa? Weka mguu pale kushoto, kuna kichuguu. Na kibanda changu amekijenga shimoni. Usiku nasikia viboko wakitafuna."

Nilisimama katikati ya maji. "Lakini mama, si uliulizwa kama unataka kuhama? Ulisema panakutosha."

"Wewe mtu wa Kakuyuni umeyajuaje hayo?"

Nikatembea.

"Nilisema pananitosha," akaendelea baada ya muda, "kwa sababu aliuliza. Anayetaka kukuhamisha haulizi, anakata miti. Ningejibu nataka kuja juu, ningekuwa mkwe mwenye madai. Mtu amekulisha, amekujengea, bado umchagulie kiwanja?"

Nilitamani kumuuliza mengi. Nilitamani yule mpita njia awe na safari ndefu zaidi. Lakini ardhi ilikauka chini ya miguu yangu, na wanawake barabarani walishatuona, wakaja mbio na khanga wakampokea, wakamketisha juu ya magunia.

Gerishom alikuwepo na mbuzi wake. Akamtazama mkwe. Akanitazama mimi, nimelowa mpaka kifuani, matope mpaka masikioni.

"Mama," akasema, na sauti yake nilijua inakwenda wapi, "nani amekutoa?"

"Mpita njia. Mtu wa Kakuyuni, Mungu ambariki."

"Na Dena alikuwa wapi?"

"Mimi nitajuaje aliko mkwe wangu? Muulize mwenyewe, si yule pale."

Watu wote wakanigeukia. Gerishom akafungua mdomo, na mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamkanyaga mguu. Mara moja katika maisha yake Gerishom akanyamaza. Hakuna mzee aliyekaa. Hakuna mbuzi aliyechinjwa.

Kibanda kilikwenda na maji siku ile ile. Mto uliporudi mahali pake nilikata miti, nikajenga kipya juu, nyuma ya mkorosho ulio karibu na barabara, nikakizungushia ua wa makuti ili aoge kwa amani. Sikumuuliza mtu.

Kitu kimoja kilibaki kinanisumbua. Nilimwomba Kahaso amdodose mama yake: lile wazo la mpita njia lilimjia pale pale juu ya kitanda, au alikuwa nalo siku zote?

Kahaso alirudi akitabasamu. "Anasema alikuwa nalo tangu uliporudi kutoka kwenye baraza la madam."

"Kwa nini hakusema? Tumetesana na kamba bure!"

"Anasema angekuambia, ungekuwa mkwe aliyepanga naye siku ya kumshika. Mpita njia hapangwi."

Nimelifikiria hilo sana. Nilimweleza na Nyokabi kwenye simu. Akasema hajui ataliandika vipi kwenye ripoti yake.

Juzi jioni nilikuwa natengeneza ua upande wa nje. Ndani mkwe anachambua mchicha na bintiye.

"Kahaso," nikamsikia, "yule kijana wa Kakuyuni bado yuko pande hizi? Naona mawingu ya bara yameanza."

Nilijibu kabla sijafikiri. "Yuko, mama."

Halafu sauti kavu:

"Sikukuuliza wewe, mkwe."