Siku Ouko Aliporudi

...na bado anaongea huyu Joram, mwenyekiti wa timu, akishika kipaza sauti hakiachi, anasema Koinet wetu, nambari kumi na moja wetu, miaka kumi na Nyati ya Kitengela na leo ndiyo mechi yake ya mwisho, na Koinet amesimama tu hapo katikati ya uwanja, vumbi mpaka kwa nyusi, hajui mikono aiweke wapi, mume wangu miguu ndiyo inajua kazi, mikono hapana, hata siku ya harusi yetu Kajiado pete ilimwanguka mara mbili, na Margaret hapa kando yangu kwa benchi ananigusa goti, "Mama Sein, leo usilie," na mimi silii, ni vumbi, ni hayo malori ya barabara ya Namanga... tisini na nne alikuwa mwembamba hivi, ametoka tu kuchunga ng'ombe Isinya, na mimi nilikuja na wasichana wenzangu tuliokuwa tunashona suruali kule viwandani EPZ, nyumbu wakatoka mbugani wakapita katikati ya mechi, mamia, refa akapanda juu ya pikapu, wachezaji wakatawanyika, ila huyu mmoja akakimbia pamoja nao, mpira mguuni, anawapiga chenga nyumbu huku anacheka, nikasema moyoni huyu hana akili timamu, na Jumapili iliyofuata nikarudi kumwona... "Nairobi walimtaka," anasema Joram, "timu kubwa, watu wangu, na akakataa, akakataa kwa kutupenda sisi," makofi, vigelegele, na mimi nakaza mikono katikati ya magoti, hapo ndipo huwa panauma, kwa sababu hawajui, hakukataa kwa ajili yao, aliyemzuia ni mimi... ilikuwa tisini na saba, Ouko, yule wa kutafutia timu kubwa wachezaji, alikuja na gari mpaka kwetu, akamwambia njoo Jumatatu, beba viatu tu, na Jumapili yake nikaanza kutoka damu, mimba ya Sein miezi saba, nikakimbizwa Kajiado hospitalini, na Koinet akalala sakafuni kando ya kitanda changu siku tatu, viatu vya mpira ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kichwa, Jumatatu ikapita, niliiona ikipita pale dirishani, na kwa miaka saba kila akifunga bao kwa huu uwanja wa mawe najiambia, hilo lingeonwa na watu elfu ishirini kama si tumbo langu, nimemfulia jezi kama mtu anayeomba msamaha... "Lakini huyo Ouko si alirudi?" anauliza Margaret, "Baba Muteti wangu aliniambia alimwona kwenu tena," na ninajibu ndiyo, alirudi, mara moja, na naiona hiyo siku, mwezi wa tano, naanika nepi nyuma ya nyumba, namsikia Koinet mlangoni akisema kwa upole, "Mzee, mama mtoto bado hajapata nguvu," na gari likaondoka, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kuteka maji, mtungi huku mtungi huku, na Koinet akiniangalia, akaniambia uko na nguvu kuliko punda wa mama yangu... ngoja, nilikuwa mzima, alijua nilikuwa mzima, nimekumbuka hayo maneno miaka yote kama upendo na sikuwahi kuyasikiliza... huyu mtu hutapika kabla ya kila mechi, nyuma ya choo, ni mimi tu ninayejua, mimi ndiye hushika chupa ya maji, Magadi katika lile joto alitapika mpaka nikadhani hatacheza, akaingia akafunga mawili, na kama Magadi tu inamfanyia hivyo, Nairobi je... aliogopa, Koinet aliogopa, akanitaja mimi ili ajifiche nyuma yangu, na miaka saba ndani ya vyumba viwili mimi naficha hatia, yeye anaficha woga, kila mmoja anampakulia mwenzake kipande kikubwa cha nyama... nangoja hasira ije, nina haki nayo, haiji, kinachokuja ni kicheko, "Sasa unacheka nini?" anauliza Margaret, "Hakuna," na Joram bado anaongea, sasa hotuba imefika lile bao la kule Rombo, na Koinet anatazama benchi moja baada ya nyingine, ananitafuta, ameniona, anainamisha kichwa kidogo kama anayeuliza kama bado sana, na mimi nainua mabega, sijui, baba, si unamjua Joram... wacha awape watu upendo, wauchukue, hata huo ni kweli, angekuwa hawapendi asingecheza hapa na malengelenge yale miguuni, lakini woga waniachie mimi, sitauliza mbele ya Sein, nitamwambia tu tukikaa mezani, Baba Sein, ile siku Ouko aliporudi nilikuwa mzima kabisa, na ulijua, na hata mimi nilifurahi ulipobaki, sasa kula.