Shavu la Kushoto la Mwanamize

Bwana Pelham alikuwa Mwingereza mwenye studio Mombasa, na miaka thelathini alimpiga picha kila aliyempitia mbele. Mzungu akipigwa, jina lake liliandikwa nyuma ya picha. Mswahili akipigwa, aliandikwa "mwenyeji", basi, kisha sura yake ikauzwa kama kadi ya posta kwa abiria wa meli. Huo ndio uliokuwa ustaarabu wake, na hasira bado ninazo!

Mwaka huu sanduku la picha zake liliibukia Brussels, na Anne-Marie, Mkongomani wa Bukavu, akazifanyia maonyesho kule mtaa wa Ixelles. Zaituni, mwenyeji wa Mombasa anayetunza wazee Koekelberg, mtaa mwingine wa Brussels, alipoiona picha moja moyo ulimruka. Msichana kajitanda kanga, ana kovu shavuni, na pua ile ni ya mamake Zaituni mtupu! Mamake, Bi Khadija, ana miaka themanini na tisa. Aliachwa yatima angali ananyonya, na sura ya mama yake mzazi hajawahi kuiona. Alichoambiwa ni kwamba alikuwa na kovu la pasi ya makaa, shavu la kushoto. Zaituni akaomba jina la bibi yake huyo liandikwe chini ya picha.

"Bon, maman Zaituni," alisema Anne-Marie, "siwezi andika jina ya muntu bila preuve, bila ushahidi. Mama yako akisema ni yeye, nitaandika."

Zaituni akapiga simu ya video papo hapo, picha kaishika kando ya uso wake. Bi Khadija aliitazama sana.

"Kovu liko kulia, mwanangu. Si yeye."

Zaituni alitaka kulia. Akakitupia jicho kidirisha kidogo cha simu, pale mtu anapojiona kama kiooni, macho yakamtoka. Maandishi ya kanga, herufi za Kiarabu zilizomshinda tangu asubuhi, kule yalisomeka bila taabu: Mola nipe subira.

"Lo! Mama, usikate! Pelham aliichapa picha kinyume, kushoto kukawa kulia! Kanga yenyewe hakujua kuisoma, angejuaje kama kakosea?"

Anne-Marie akaigeuza kwenye kompyuta, akaituma. Kisha Bi Khadija akaanza kucheka huku analia.

"Mwanamize binti Shee," alisema. "Andikeni. Jamani, kumbe alikuwa mtoto hivi! Na mimi miaka yote nikimlaumu kwa kuniacha."