Kizibao cha Meneja

Paka wetu tulimwita Meneja kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa juu ya meza na kutazama wengine wakitoka jasho. Alikuwa paka wa babu. Babu alipohamia kwetu, ghorofa ya tatu, alikuja na begi, fimbo, na Meneja ndani ya kapu. Tangu hapo wote wawili wakawa watu wa ndani: babu kwa sababu ya goti, Meneja kwa amri ya mama mkubwa.

Mama mkubwa ni fundi cherehani. Anashona sare za shule pale pale sebuleni, kwa hiyo mlango wetu hufunguliwa na kufungwa kutwa, na kila ulipofunguliwa Meneja alikuwa hapo, mkia juu, kama abiria aliyekwisha kata tiketi. Ukimzuia, analia. Na si kilio cha paka kile, ni cha mtu aliyefiwa halafu akanyimwa urithi. Alishatoroka mara kadhaa. Mara ya mwisho tulimkuta ukingoni mwa barabara, malori yanampitia puani, yeye anayatazama tu kama anayakagua.

Jioni ile mama mkubwa alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Akifanya hivyo, ujue maneno yanakuja.

"Baba, nisikilize. Huyu paka akitoroka tena, nampeleka kwa muuza nyama. Stoo yake imejaa panya, ameniomba siku nyingi. Afadhali awe huko mzima kuliko nije nimwokote barabarani."

Babu alimvuta Meneja mapajani, akaanza kumkuna nyuma ya sikio. Tangu bibi alipofariki, huyo ndiye aliyekuwa akilala miguuni pake. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapo sikutania.

"Mama mkubwa," nikasema, "kama anataka kutoka, si tumtoe sisi wenyewe? Tumfunge kamba, kama mbwa."

"Kamba shingoni? Ajinyonge?"

"Si shingoni. Mshonee kizibao, kamba ishike mgongoni."

"Kizibao. Cha paka." Alinitazama juu ya miwani. "Kumbe shule ulikwenda kusomea haya?"

"Mwanangu," babu akasema taratibu, "mshonee."

Kumpima kulikuwa sinema. Meneja ana ugonjwa mmoja: akiona tepu ya kupimia inaning'inia, lazima aipige kofi. Mama mkubwa anashika kifua, Meneja anang'ata tepu. Anashika mgongo, Meneja keshajiviringisha nayo. "Tulia, mteja! Wenzako wa darasa la kwanza hawanisumbui hivi!" Babu alicheka mpaka akakohoa.

Kizibao kikatoka, cha kitambaa cha sare, buluu, vifungo tumboni na pete ya kamba mgongoni. Tulipomvalisha, Meneja alianguka ubavu, akanyoosha miguu, akagoma kuishi.

"Tumemuua," nikasema.

"Anadeka tu huyo," babu akasema, akamsogezea kipande cha samaki. Marehemu akafufuka.

Baada ya siku kadhaa za mazoezi sebuleni, nikambeba mpaka uani, nyuma ya jengo, penye tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Babu na mama mkubwa walibaki dirishani. Meneja aliweka mguu mmoja kwenye majani, akautoa, akautikisa, akauweka tena. Akanusa tofali. Akanusa upepo. Nami nikaanza kujiona bingwa.

Ndipo pikipiki ikanguruma nyuma ya ukuta. Meneja alirudi kinyumenyume, kichwa chini, na kizibao kikamvuka kama fulana inavyomvuka mtoto anayekwenda kuogeshwa. Nikabaki nimeshika kamba na kizibao kitupu, vifungo vyote vimefungwa!

Nilielewa papo hapo. Mama mkubwa hajawahi kushona nguo ya kumkaa mtu sawasawa. Kila sare yake huachiwa nafasi ya kukua, na hilo ndilo wazazi wanalompendea. Sasa alikuwa amemwachia nafasi Meneja, paka mtu mzima, ambaye kinachokua kwake ni kiburi peke yake.

"Geti!" babu alipiga kelele kule juu. "Funga geti!"

Nililifunga, lakini sikujua nimemfungia ndani au nje. Nikainama chini ya tangi, nikazunguka matofali, "Meneja! Meneja!" mpaka jirani mmoja akaniuliza kama natafuta kazi.

Mama mkubwa akashuka mbio, pini mdomoni, tepu shingoni. Alichukua kizibao, akaingiza vidole viwili, kisha mkono mzima. Alipiga magoti kando ya rundo la mbao kuukuu, akainama kuchungulia, na tepu ikaning'inia.

Mkono wa manyoya ukatoka mbaoni, ukaipiga kofi.

Mama mkubwa hakushtuka. Aliivuta tepu polepole, polepole, Meneja akaifuata, akadakwa.

Tulipogeuka, babu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, kashika ukuta, anahema. Goti lile lile.

"Ndiyo kwa muuza nyama?" akauliza.

Mama mkubwa alitoa pini mdomoni. "Nguo imepwaya, baba. Mteja hana kosa." Akamvalisha Meneja pale pale, akabana kitambaa kwa vidole. "Nitapunguza hapa, na hapa."

Siku hizi babu hushuka kila jioni, akipumzika kila ghorofa, kamba kaizungushia kiganjani. Namwekea kiti kando ya tangi. Meneja anakagua matofali, ananusa mbao, halafu anajilaza kwenye majani na kusinzia, kama alivyokuwa akisinzia mezani.

"Nimekesha na sindano ili aje alale?" mama mkubwa hufoka dirishani.

"Shona sare zako," babu humjibu. "Sisi bado tupo tupo."