Mkono wa Nne

Mimi ni fundi wa simu za nyumbani, na nina mdomo mkali, kila mtu atakuambia. Watu wananiuliza nani bado anataka simu ya nyumbani wakati kila mtu ana yake mfukoni. Wazee wanataka, zahanati zinataka, mawakili wanataka. Unafunga kitako kimoja ukutani, kinashika laini, halafu unawapa mikono miwili mitatu isiyo na waya, yaani vile vipande vya kushika sikioni. Mtu anaongea akiwa jikoni, sebuleni, hata bafuni akipenda.

Ya Shangazi, shangazi yake mume wangu, niliifunga mwenyewe. Kitako nilikiweka ukumbini, mkono namba moja sebuleni, karibu na cherehani yake dirishani, namba mbili jikoni, namba tatu chumbani. Nyumba yake na yetu zimeegemeana ukuta mmoja, na huku nyuma kuna mlango mdogo wa kutoka ua wetu kwenda jikoni kwake. Mlango huo haujafungwa kwa ufunguo tangu niolewe.

Kama kawaida yangu, nikasajili na mkono wangu wa majaribio, ule wa kazini, nikatembea nao hadi barabarani kuona mawimbi yanafika wapi. Ukimaliza unatakiwa kuufuta kwenye kitako. Mimi sifuti. Siku nikiitwa tena sitaki kuanza moja, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa Shangazi kuweka saini. Mwanawe wa pekee, Mwalimu, alikuwa ameandika barua: mama yake ahamie kwake, nyumba iuzwe. Ilihitaji saini ya Shangazi, na yangu na ya mume wangu kama mashahidi wa familia. Mume wangu ni dalali wa nyumba, na mteja alishampata. Alikuwa ametia saini yake asubuhi, akasema ana safari ya kikazi na atarudi jioni. Tulipanga kukutana saa kumi, lakini Mwalimu alimaliza masomo ya ziada mapema, akanipitia dukani kwangu, tukafika saa nane na nusu.

Shangazi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, hashoni. Alikuwa amevaa viatu na koti, na joto lile! Begi lake dogo lilikuwa miguuni.

"Naona mmekuja kunizika," akasema.

"Mama, usiseme hivyo," Mwalimu akamjibu, macho yamemwiva. Si mtu mbaya, Mwalimu. Mara mbili ndani ya mwezi mmoja mama yake alikutwa katikati ya barabara, mchana kweupe, kiatu mguu mmoja, akipiga kelele kwamba nyumba inalipuka. Mara ya pili lori lilisimama hatua tatu tu kutoka alipokuwa. Mume wangu ndiye aliyemrudisha ndani mara zote mbili. Ndiye pia aliyeniambia, taratibu, kwa huruma, kwamba akili ya Shangazi imeanza kuyumba na anasikia sauti. Nami nikaamini. Sikukaa naye hata dakika kumi kumuuliza. Nilikuwa na kazi, si unajua.

Nikachukua kalamu. Shangazi akaniangalia mkono.

"Hutaki hata kuniuliza, Fundi?"

"Nikuulize nini, Shangazi?"

"Kilichonitoa nje."

Mwalimu akashusha pumzi. "Mama, tumeshazungumza. Anasema simu ndiyo inamwambia atoke. Nimemuuliza, nani anayepiga? Anasema namba nne. Nne tu! Umewahi kuona namba ya simu yenye tarakimu moja?"

Kalamu ikanitoka. Naikumbuka ilivyobingirika hadi chini ya cherehani, kwa sababu nilishindwa kuinama kuiokota.

"Shangazi, inalia vipi? Kama ya watu wa nje?"

"Hapana. Inalia kama wewe ukiwa jikoni unaniita sebuleni. Halafu kwenye kioo inaandika nne. Sauti ya chini chini inasema, mama, gesi inavuja, toka nje haraka. Nami natoka. Wewe usingetoka?"

Mikono ya kitako kimoja huitana yenyewe kwa yenyewe, bila kupitia laini ya nje. Wa kwanza huitwa moja, wa pili mbili. Shangazi ana mikono mitatu. Wa nne ni wangu.

Na wangu ulipotea miezi miwili iliyopita. Nilikung'uta mfuko wa kazi, nikageuza nyumba juu chini. Mume wangu alinisaidia kutafuta, akalala kifudifudi akachungulia mpaka chini ya kitanda. Kabla ya hapo, jioni moja, aliniuliza zile simu zinafanyaje kazi. Nikamweleza yote, kwa mbwembwe zangu, kwamba mkono ukishasajiliwa hausahau kitako chake, ukiusogeza karibu unakishika wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilifurahi sana siku ile, maana si kawaida yake.

Nilikwenda ukumbini. Kwenye kitako kuna kitufe cha kutafutia mkono uliopotea: ukikibonyeza, mikono yote iliyo karibu inalia. Nikakibonyeza.

Ukalia wa dirishani. Ukalia wa jikoni. Ukalia wa chumbani. Nikabonyeza tena kuinyamazisha, na kwa sekunde moja, kabla haijanyamaza, nikasikia mlio mwingine nyuma ya ukuta. Ulitoka chumbani kwetu.

Shangazi alikuwa amekumbatia begi lake. Halafu mkono namba moja, ule wa karibu na cherehani, ukaanza kulia peke yake.

"Nne," Shangazi akasema, akionyesha kioo chake. "Si mnaona? Nne."

Niliuchukua, nikabonyeza kitufe cha spika, nikanyamaza.

"Mama," sauti ikanong'ona. "Gesi inavuja. Usichukue kitu. Toka nje, vuka barabara, haraka."

Mwalimu alifunika mdomo kwa barua yake. Mimi nimelala kando ya sauti ile miaka kumi na mmoja. Hata ikinong'ona ina kikwaruzo kidogo mwishoni, kile kile anachokuwa nacho akinitakia usingizi mwema. Kwake yeye tulikuwa bado hatujafika; miadi ilikuwa saa kumi.

"Ni mimi," nikasema.

Simu ikakatika.

"Basi sijachanganyikiwa," Shangazi akasema polepole, kama anayesoma majibu ya daktari. "Mwanangu, umesikia? Sijachanganyikiwa."

"Hujachanganyikiwa, Shangazi. Nisamehe."

Nyuma ya ukuta komeo la mlango wetu wa uani likanyanyuliwa. Lile komeo lina tabia yake, lazima ulinyanyue kwanza ndipo ulivute. Nilikimbilia jikoni. Ufunguo ulikuwa kwenye tundu, umeshika kutu kwa kukaa, nikauzungusha kwa mikono miwili mpaka ukalia.

Nyayo zikaja, zikasimama upande wa pili. Kitasa kikashuka, kikapanda.

"Mke wangu," akaita, kwa sauti yake ya kila siku. "Mbona umefunga?"