Vibarua wa Shamba la Pamba

Mama aligeuza jani la pamba, akamminya mdudu mwingine kati ya vidole. Mweusi, mgongo una miiba na madoa ya rangi ya chungwa. Sura ya kutishia watoto. Tangu jua lichomoze alikuwa akipita mstari kwa mstari akiwaua, bila kutumwa na mtu.

Msimu huu mkwewe, mke wa mwanawe, alikataa dawa, na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao majani, walijaa chini ya majani kama pumba zilizomwagika. Mwanawe alichoka kusubiri, akasema leo anakuja kunyunyizia. Mama akaona akiwapunguza wadudu kidogo, huenda mwana akalegeza kamba, mkwe asiaibike.

Mkwe akamkuta hapo. Akatazama vile vidole.

"Mama, umeamka mapema kunisaidia."

"Nimeanza na hawa wabaya zaidi."

"Sura wanayo mbaya kweli." Mkwe akamchukua mmoja kwa ncha ya jani, akamweka penye vidukari. "Hebu mtazame."

Mama akainama. Mdudu akamkamata kidukari, akamfyonza mpaka akabaki ganda, akamgeukia mwingine.

"Akikua anakuwa yule mwekundu mwenye madoa meusi, anayetembea mikononi mwa wajukuu wako. Dawa haichagui, mama. Itamuua pamoja na vidukari."

"Maskini mimi. Nimekuulia vibarua."

"Wapo wengi kwenye alizeti. Ndiyo maana niliipanda kando."

Hakuligusa tena kosa lile, na mama akaliona hilo.

Mwana akatokea, bomba la dawa mgongoni. Mama akasimama mbele ya mstari wa kwanza.

"Mama, pisha, itakumwagikia."

"Tua hilo bomba uje uwaone wanaoifanya kazi yako."

"Wadudu?"

"Usiwadharau. Kwa kula wanakushinda hata wewe."

Akatua, akanung'unika, akapiga magoti. Alikaa vile muda mrefu kuliko mama alivyotarajia. Kisha akaenda kutazama mistari ya mwisho, akarudi, akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Mbona kule mwisho wa shamba hawapo?"

"Hawajafika. Tuwahamishe."

Wakawakusanya kwenye alizeti, mama akawabeba kwa sufuria. Jirani akapita njiani, akauliza kulikoni bomba limelala chini.

"Mkwe wangu hanyunyizi," mama akasema. "Anafuga." Akaendelea na njia yake, kidevu juu, akikanyaga polepole asiwamwage.