Sauti Isiyobanwa

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, fundi cherehani alisafisha redio kaseti kwa pamba na spiriti, akachomeka waya kwenye kompyuta, akaingiza kaseti ya kwanza kati ya arobaini na moja. Zote zilikuwa za baba yake. Mzee alikuwa karani wa posta, lakini akishika gitaa alikuwa mtu mwingine. Nyimbo zake alizirekodi mwenyewe sebuleni, na mpaka leo mtaa mzima unazijua. Sasa alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, na wanawe wawili walikubaliana kwamba siku hiyo ikifika kila jamaa awe nazo kwenye simu.

Kompyuta ilimuuliza fundi anataka ubora gani: mdogo, wa kati, au sauti isiyobanwa kabisa, yaani isiyopunguzwa chochote.

Alianza na mdogo. Baba akasikika kama anaimbia ndani ya kopo. Fundi hakuridhika, ni mtu wa kufumua pindo zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Akajaribu wa kati. Saa ya ukutani ikasikika, na nyuma ya gitaa mtu akinong'ona. Alikuwa Mama, aliyefariki miaka tisa iliyopita, akimtajia Baba kila mstari kabla hajauimba. Baba alipokosea, alimrekebisha taratibu: "Siyo hivyo. Shusha sauti, halafu ngoja."

Fundi akachagua isiyobanwa. Mlango wa jikoni ukafunguka, Mama akatoka, mikono ina povu la sabuni, akasimama kando ya redio.

"Shikamoo, Mama."

Mama hakuitika. Asingeweza kusema ambacho kaseti haikukinasa. Alinong'ona wimbo mpaka mwisho huku matone yakidondoka sakafuni, na utepe ulipokwisha hakuwepo tena. Fundi alichukua tambara akafuta maji, kisha akageuza kaseti upande wa pili.

Kufikia Ijumaa alikuwa amesikiliza thelathini na nane. Hakukuwa na hata wimbo mmoja ambao Mama hakuutaja neno kwa neno.

Siku hiyo kaka yake, mwalimu wa udereva, alimleta Baba. Walimkuta Mama amesimama mahali pake. Kaka alijibana ukutani asimkanyage.

"Faili hizi zina uzito gani?" aliuliza. "Simu yangu imejaa hadi shingoni."

Baba alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Mama alinong'ona, na midomo ya Baba ikafuata, nyuma kidogo tu.

"Mwambie arudi jikoni," Baba alisema hatimaye. "Anaharibu rekodi."

"Baba, nyimbo ni zake."

"Nani aliziimba?"

"Uliimba alichokutungia. Nataka tuandike jina lake. Hilo tu."

"Hakuwahi kudai."

"Dada, yaliyopita si ndwele," Kaka aliingilia. "Weka ubora mdogo. Watu wanataka kucheza, minong'ono ya nini?"

Baba alikalia kochi. Fimbo akailaza magotini.

"Mwanangu, natimiza miaka themanini," alisema. "Unataka nianze leo kuwa karani wa posta tu?"

Fundi alimtazama Baba, akamtazama Mama ambaye hakuwa akimtazama yeyote. Kisha akabonyeza ubora mdogo. Mama alitoweka katikati ya mstari, na Baba wa kwenye kaseti akaendelea peke yake.

Siku ya sherehe watu walicheza mpaka viatu vikavuliwa. Jirani mmoja alimshika Baba mkono, akamuuliza maneno matamu kama yale huyatoa wapi.

"Yananijia tu," Baba alisema, akainamisha kichwa. Fundi alikuwa akigawa sahani. Alisikia, akaendelea kugawa.

Zile zisizobanwa hakuzifuta. Jumapili alasiri huweka mkasi chini, akafungua moja, na Mama hutoka na mikono yake mibichi. Fundi amemnunulia kiti chenye mto, amekiweka karibu kabisa na redio.

"Kaa, Mama," humwambia kila mara.

Lakini katika sebule ile iliyorekodiwa hakukuwa na kiti cha Mama, kwa hiyo husimama mpaka wimbo uishe.