Kiti cha Katikati

Studio ya kurekodi muziki ilipofungwa, mwenye mali alimwita Fundi ofisini akamwambia achague kitu kimoja cha kwenda nacho nyumbani. Mtu mwenye akili zake angechagua jokofu. Fundi alichagua spika mbili alizozisikiliza kwa miaka ishirini na minane, fupi, nyeusi, hazina urembo wowote, na kila moja ilihitaji mikono miwili na pumzi ya kutosha kuinyanyua. Akaziingiza kwenye teksi, moja kushoto, moja kulia, mwenyewe katikati amezikumbatia. Dereva alimtazama kwenye kioo akatia gia.

Hakuzichukua kwa mapenzi tu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kasuku, alikuwa na mwaka sasa akilalamika kwamba tivii haieleweki. "Watu wa siku hizi wanatafuna maneno," alisema. "Mtu anafungua mdomo, hakitoki kitu." Fundi alimwamini moja kwa moja. Nani asiyejua spika za runinga hizi bapa? Zimebanwa huko nyuma, zinaongea na ukuta. Mgonjwa akapatikana, na mgonjwa mwenyewe alikuwa runinga.

Halafu kulikuwa na jambo la Kasuku mwenyewe. Binti yao huyo alipewa jina hilo la utani angali mdogo, kwa sababu aliweza kumwigiza mtu yeyote aliyepita mlangoni. Aliyemwigiza kuliko wote ni bibi yake mzaa mama. Bibi alikuwa na sauti nene ya kukwaruza, na hakuanza kusema kabla ya kukohoa mara mbili. Kasuku alikuwa akijificha nyuma ya mlango wa jikoni, anakohoa mara mbili, anaita, na mama yake anaacha sufuria motoni na kukimbia akiitika, "Abee, mama!" Kisha anakuta mtoto amekaa chini anacheka mpaka machozi. Bibi alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na tangu siku ile Kasuku hakuigiza tena sauti hiyo.

Sasa Kasuku alikuwa mwigizaji, na filamu yake ya kwanza kubwa ilikuwa ionyeshwe Jumapili alasiri, wiki tatu mbele. Alimpigia baba yake simu.

"Baba, nakuja tuitazame pamoja. Humo ndani kuna kitu nimemwekea mama. Usimwambie. Atakijua akinisikia tu."

"Kitu gani?"

"Na wewe utakijua. Wewe hakikisha anasikia vizuri, basi."

Kuhakikisha mtu anasikia vizuri! Fundi alicheka. Ni kama kumwomba mwokaji ahakikishe mkate umeiva.

Akaipanga sebule upya. Spika za namna ile hazikutengenezwa kwa ajili ya sebule, zilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya meza ya kazi, karibu, kichwa mahali pake. Ukiwa hapo unasikia kila kitu hadi mtu anavyomeza mate. Ukisogea hatua mbili pembeni, nusu ya utamu imekwenda. Kwa hiyo Fundi alifanya kama alivyofanya kazini siku zote. Alichukua uzi, akapima kutoka spika hadi spika, kisha kutoka kila spika hadi mahali patakapokuwa masikio ya Mama Kasuku, mpaka nyuzi tatu zikawa sawa kabisa. Spika za runinga yenyewe akazizima, kochi kubwa likasukumwa ukutani. Katikati ya zulia kikabaki kiti kimoja, na miguu yake akaizungushia chaki.

"Sasa wageni watakaa wapi?" aliuliza Mama Kasuku.

"Wageni watasikia watakachosikia. Hiki ni chako."

Shemeji, mdogo wake Mama Kasuku, ambaye alikuwa na duka la redio na mdomo mkubwa kuliko duka, alikuja kukagua. Alikaa kochini, akasikiliza dakika tano, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hizi hazina besi. Bomu limelipuka hapo, suruali yangu haijatikisika hata kidogo."

"Besi iliyopo ndiyo iliyorekodiwa. Hizi hazidanganyi."

"Nani kakwambia watu wanataka kuambiwa ukweli Jumapili?"

Mama Kasuku, kwenye kiti chake cha katikati, alitabasamu kumtazama mmoja, kisha mwingine.

Kuna usumbufu mmoja. Kila spika ina swichi yake mgongoni na vitufe vyake vya kuzungusha, cha besi na cha sauti nyembamba, na rimoti ya runinga haiambulii kitu pale. Sheria ya kazi ni kwamba spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, na Fundi hakutaka mkono mwingine uziguse. Kila asubuhi alipiga magoti nyuma yake, akiongeza hiki, akipunguza kile. Vile vitaa vyekundu vya mbele akavibandika tepu nyeusi visimsumbue mama macho. Kisha anauliza, "Sasa je?" Naye anajibu, "Afadhali." Kesho yake anauliza tena. "Leo afadhali zaidi."

Siku kumi kabla ya filamu, Fundi alisikia mtetemo mdogo kwenye waya. Akazima spika zote mbili, akauchomoa waya, akautia mfukoni, akaenda mjini kutafuta mwingine wa aina ile. Alirudi saa nne asubuhi. Alipofungua mlango, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba jokofu lilisikika likinguruma jikoni.

Mama Kasuku alikuwa kwenye kiti chake. Runinga ilikuwa imewaka, mume na mke wa kwenye tamthilia wanagombana, mikono inarushwa, midomo inakwenda mbio. Hakikutoka kitu. Kisingeweza kutoka, waya ulikuwa mfukoni mwake.

Upepo wa mlangoni ukamgusa mama shingoni, akageuka, akafurahi kumwona.

"Umerudi? Leo umepatia, mume wangu. Inatoka safi, kila neno nalisikia."

Fundi alisimama na begi lake. Kwanza alitaka kucheka. Kisha mama alipoigeukia tena runinga, alimwita kwa nyuma, polepole: "Mama Kasuku." Akaita tena kwa sauti ya kawaida. Akaita mara ya tatu kwa sauti ambayo jirani aliisikia, maana alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Kuna nini huko?" Mama Kasuku alikuwa akiinua kikombe chake cha chai.

Alikwenda jikoni akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Alipojikaza akarudi, alipiga magoti mbele ya kiti, akauweka waya mapajani mwa mkewe.

"Tangu lini?"

Mama aliutazama waya. Akazitazama spika. Akautazama waya tena, na uso wake ukashuka.

"Si kwamba sisikii kitu," alisema. "Sauti naisikia, wewe ukiwa karibu. Maneno ndiyo yananiponyoka. Nakutazama mdomo."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe maisha yako yote ni masikio. Ningeanzia wapi?"

Walikwenda kwa daktari. Daktari, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alichora sikio kwenye karatasi na kuonyesha ndani kabisa, mahali ambapo mshipa umechoka. Alisema umechoka kwa muda mrefu na hautapumzika ukapona. Akatoa kifaa cha kujaribu. Mama alikivaa siku mbili. Siku ya tatu alikirudisha kwenye kikasha chake akakitia kwenye droo ya vijiko.

"Kinaleta kelele nyingi," alisema. "Nikisikia vyombo vinagongana, basi nasikia vyombo tu. Mtu akisema, naye anakuwa chombo."

Fundi alirudi kwa daktari peke yake, akauliza kama haiwezekani kuongeza upande wa maneno, zile sauti nyembamba za kati, maana yeye ni mtu wa fani. Daktari alimwambia kwa heshima kwamba kitu ambacho hakipokelewi hakisaidiwi kwa kutumwa kwa nguvu. Fundi alielewa vizuri sana. Angekuwa yeye, angemjibu mteja hivyo hivyo. Miaka ishirini na minane watu walimletea mivumo, mikwaruzo, pumzi zilizozidi, na hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kusaidiwa. Hili halikuwa kwenye waya wowote, na yeye hakuwa na chombo kingine.

Mama Kasuku aliomba jambo moja tu. "Usimwambie mtoto. Acha kwanza afurahie filamu yake. Nitamtazama mdomo."

"Anasema kuna kitu amekuwekea."

"Basi nitakiona."

Fundi hakuweza kumwambia kwamba si kitu cha kuonwa. Hata yeye hakukijua. Alichojua ni lile neno la Kasuku, akinisikia tu, na neno hilo lilimkosesha raha mchana kutwa.

Kwa hiyo akafanya alichoapa maisha yake yote kutofanya. Alianza kuzidanganyisha zile spika. Akaikata besi yote, akapandisha sauti nyembamba, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka msoma habari akawa anapiga kelele kama bati linalokatwa. "Sasa je?" aliuliza, amemgeukia mkewe auone mdomo wake. Mama, kwa huruma, alijibu, "Afadhali." Fundi alijua ni uongo, na bado kila asubuhi alikwenda kupiga magoti nyuma ya spika, kwa sababu mtu hawezi kukaa tu. Asubuhi ya Jumapili, vitufe vyote vilikuwa vimefika mwisho.

Kasuku aliingia saa nane na mifuko miwili, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia baba yake, akacheka kuona kochi limesukumwa ukutani. Shemeji alikuja amevaa shati jipya, kana kwamba na yeye yumo kwenye filamu. Mapazia yakafungwa. Mama akakaa kitini, Kasuku akakaa zuliani miguuni pake, na Shemeji akachukua kochi lote.

Muziki ulipoanza, Kasuku aliziba masikio. "Baba! Mbona inachoma hivi?"

"Iache. Nimeipima kwa ajili ya chumba."

Kasuku alimtazama kwa mshangao. Baba yake, yule yule aliyemfundisha kusikia, alikuwa amegeukia pembeni.

Kasuku alitokea kwenye runinga baada ya robo saa, akiwa mwanamke wa makamo anayeuza vitambaa mlangoni kwake. Alikohoa mara mbili. Kisha akasema.

Fundi alihisi ngozi ya mgongo inamsisimka. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake. Si kuigiza kwa kuchekesha kwa zamani. Ilikuwa yeye, ule mkwaruzo, kule kuvuta mwisho wa neno kama mtu asiyetaka kuliachia. Hata spika zilivyoharibiwa, sauti ile ilipita. Kochini, Shemeji alikurupuka, akasema "Mama!" kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baada ya muda alitoka kwenda barazani, na hakurudi mpaka mwisho.

Kasuku hakutazama runinga hata kidogo. Aligeuka zuliani akawa anautazama uso wa mama yake, roho juu, akingoja.

Mama Kasuku alikuwa ameinama mbele, macho yamekazwa kwenye midomo ya mwanamke yule wa kwenye kioo. Alitabasamu palipostahili. Palipokuwa na huzuni alihuzunika. Mara moja hata alilirudia neno, "Kitambaa kizuri hakipigiwi debe," sawasawa kama lilivyosemwa, na moyo wa Fundi ukaruka. Kwa muda wa pumzi tatu aliamini. Alitaka sana kuamini.

Filamu ikaisha. Kasuku alishika magoti ya mama yake.

"Mama. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Umecheza vizuri mno. Nilijua tu ni wewe." Alimpapasa shavu. "Na sauti yako ile ile, nyororo. Hukuibadilisha hata kidogo."

Kasuku alimgeukia baba yake, na Fundi, ambaye kwa wiki nzima alikuwa ametunga maneno ya kusema saa hii, alitikisa kichwa tu. Kasuku alikielewa kichwa kile polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu.

Kisha akafanya jambo la kitoto. Alikaa sawa mbele ya mama yake, usoni kabisa, akakohoa mara mbili, na kwa sauti ile ile ya bibi akasema maneno ambayo bibi, aliyekuwa mfupi, alimwambia kila mgeni aliyeingia: "Keti chini, shingo yangu si ya twiga."

Sebule yote ilijaa sauti ya marehemu. Mama Kasuku alifuata midomo ya binti yake hadi mwisho, kisha akapiga makofi, akacheka kwa furaha kweli kweli.

"Maneno ya mama hayo! Umenikumbusha mbali." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa na wewe ungeyasema kwa sauti yake, kama zamani, nikakimbia nikaitika."

Kasuku alilaza kichwa mapajani mwa mama yake, uso chini, ili midomo yake isionekane.

Fundi aliinuka. Alizunguka nyuma ya spika ya kushoto, akapiga magoti, akakishika kitufe cha sauti nyembamba na kukizungusha mbele. Hakikwenda popote. Alibaki hapo amekishika.